Fadhila za Kompaila Isiyopatikana

Vitu vingi duniani husifiwa kwa kuwapo kwao, na ni vichache mno vilivyopata heshima kwa kutokuwapo; nami, baada ya miaka mingi ya kusumbuliwa, kudhoofishwa na mwishowe kuelimishwa na kitu ambacho kila nilipokihitaji hakikuwapo, naona ni deni la insafu nikilipe kwa kalamu. Kitu chenyewe ni kompaila: ile programu inayotwaa msimbo ulioandikwa na binadamu kwa lugha kama C, C++, Fortran au Rust, ikaugeuza kuwa amri ambazo mashine huzifahamu. Pale ilipo haina ajabu. Hufanya kazi yake na hapana aikumbukaye. Utukufu wake huanza pale inapokosekana, na hasa inapokosekana katika kompyuta ya mtu aliyeketi kwa nia safi kusakinisha pakeji ya takwimu ya lugha ya R, huku data yake ikimsubiri, na mkuu wake wa idara akisubiri pamoja na data.

Nianze na nasaba, maana hakuna sifa ya heshima isiyoanza kwa mababu. Babu mkuu ni Fortran, iliyotolewa na John Backus na wenzake wa IBM mwaka 1957, lugha ambayo watu wameizika mara nyingi pasipo kuhakikisha kwanza kama imekufa. Mwaka 1976, katika maabara za Bell huko Marekani, John Chambers na wenzake walianza lugha ya S, na kusudi lao lilikuwa la huruma: kumwondolea mwanatakwimu udhia wa kuandika programu ya Fortran kila anapotaka kufanya hesabu, Fortran yenyewe ikabaki chini ikitumika na mtu akazungumza juu kwa lugha nyepesi. Kutokana na S ikazaliwa R, mikononi mwa Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la 1.0.0 likatoka tarehe 29 Februari 2000, siku ambayo hata kalenda huitoa kwa uchoyo. Basi mtu wa leo anayeandika mstari mmoja wa kufanya rigresheni hudhani anazungumza na R peke yake, kumbe R inazungumza na C, na C inazungumza na Fortran, na wazee hao hukaa kimya kwa muda wote ambao mtu anapewa pakeji iliyokwisha kutengenezwa. Lakini siku atakapopewa msimbo mtupu aujenge mwenyewe, wazee wote hutaka waje kwa miguu yao, na asiyekuwa nao nyumbani hapati kitu. Ghala la pakeji liitwalo CRAN, lililofunguliwa mwaka 1997, leo lina pakeji zaidi ya 20,000, na maelfu kati yake zimevuka kwenda C++ kwa daraja la Rcpp lililojengwa na Dirk Eddelbuettel, Romain François na wenzao. Ukoo, kama aonavyo msomaji, si mdogo.

Fadhila ndogondogo za kompaila isiyopatikana nitazipitia kwa haraka. Hupumzisha feni ya kompyuta. Humfundisha mtu majina ya folda ambazo aliishi nazo miaka kumi bila kujuana nazo. Huongeza undugu, kwa kuwa hakuna aliyeikosa asiyempigia simu mtu ambaye hajamsalimu tangu chuoni. Humzoeza Kiingereza cha namna ya pekee, kisichosemwa London wala Chicago, ambacho ndani yake kazi iliyoharibika huitwa kazi iliyotoka na hali isiyo sifuri. Hufundisha hata adabu ya majina: aliyeifungua Windows yake kwa jina lenye nafasi katikati, kama wazazi wake walivyompa, hugundua kwamba programu ya make haizipendi njia zenye nafasi, na kwamba laiti angaliitwa kwa neno moja tu, fupi, lisilo na alama juu yake, angalikuwa mwanatakwimu mwenye furaha zaidi.

Lakini iko fadhila moja kuu, ambayo kwayo ningeiombea nishani, nayo ni hii: kompaila isiyopatikana haijapata kutoa matokeo ya uongo. Naomba jambo hili lisipitwe kwa wepesi. Wanatakwimu wa karne ya 20 walikesha kwa ajili yake. Ronald Fisher, katika kitabu alichowaandikia watafiti mwaka 1925, aliueneza ule mpaka wa asilimia 5 ambao mpaka leo unawalaza watu macho. Jerzy Neyman na Egon Pearson wakaja kuyagawa makosa kwa aina mbili, la kwanza likiwa kuikataa nadharia tete iliyo ya kweli, na la pili likiwa kushindwa kuikataa iliyo ya uongo, wakafundisha jinsi ya kulipunguza moja pasipo kulinenepesha jingine mno. Hao walikuwa watu wa akili nyingi na elimu pana, na hata mmoja wao hakufika ilipofika kompaila isiyopatikana bila jasho lolote. Uwezekano wake wa kutenda kosa la aina ya kwanza si 5 katika 100, wala si 1 katika 1,000. Ni sifuri kamili, sifuri isiyohitaji makadirio wala sampuli kubwa wala dhana ya usambaaji wa kawaida, kwa sababu jaribio ambalo halikuendeshwa halina uwezo wa kukataa kitu chochote duniani.

Hebu tuitazame sifa hiyo katika upana wake. Mwaka 2005 John Ioannidis aliandika makala mashuhuri akidai kwamba matokeo mengi ya utafiti yanayochapishwa si ya kweli, na mwaka 2016 Jumuiya ya Wanatakwimu ya Marekani ikatoa tamko zima kuwaonya watu juu ya kuzitumia vibaya thamani za p. Makala zikafuata makala, na warsha zikafuata warsha, ilhali dawa ilikuwa imekwisha kuenea katika ofisi zetu, tena bila gharama, na ilikuwa ikitenda kazi usiku na mchana. Mhariri wa jarida huweza kughilibiwa na jedwali zuri. Mhakiki huweza kusoma muhtasari akaacha mwili wa makala. Kompaila isiyopatikana haisomi muhtasari, haijui jina la chuo, haipokei bahasha wala salamu za mjomba. Imemkatalia mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na imemkatalia mshauri wa kimataifa aliyeshuka katika ndege jana yake, kwa maneno yaleyale, herufi kwa herufi, na hapa sijui ni hakimu gani mwingine katika miji yetu anayeweza kusifiwa hivyo. Ni makadirio mangapi ya mavuno ya mahindi, ni mifano mingapi ya kuenea kwa malaria, ni ramani ngapi za umaskini zenye rangi nyekundu mahali pasipostahili, ambazo zingetolewa kwa ujasiri, zikafungwa katika jalada la kung'aa na kukabidhiwa kwa waziri, lau kompaila ingalikuwapo? Hatuzijui, na kutozijua huko ndiko ushahidi wa kazi njema.

Wako mahasidi watakaosema kwamba, kwa hesabu hiyohiyo, uwezekano wake wa kutenda kosa la aina ya pili ni mia kwa mia, maana ugonjwa ukiwapo haitauona, na dawa ikiponya haitajua. Nakiri hesabu ni sahihi. Lakini nawauliza, ni ofisi ngapi zimeendeshwa kwa kanuni hiyo tangu kujengwa kwake, wakuu wake wakisitawi na kustaafu kwa tafrija na saa ya ukutani?

Na ulinzi wake haukomi mlangoni. Mtu anaweza kuponyoka, akaipata pakeji iliyokwisha kukompailiwa, akadhani ameokoka. Ndipo huja Stan, programu iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2012 na kuitwa kwa heshima ya Stanislaw Ulam, mmoja wa waasisi wa mbinu ya Monte Carlo. Stan huuchukua mfano wa kitakwimu alioandika mtu, ikautafsiri kuwa C++, kisha ikaudai ukompailiwe palepale, katika kompyuta yake mwenyewe, kabla ya kuchota hata sampuli moja. Hivyo mfuasi wa Bayes, ambaye angalikaa saa nzima akitazama minyororo yake minne ikikataa kukutana, huokolewa kabla ya mnyororo wa kwanza kuanza. Hujui neema ya kutoanza mpaka umeona watu waliokwisha kuanza.

Watumiaji wa Mac watauliza kama fadhila hizi zimewafikia. Zimewafikia, tena kwa adabu, kwa njia ya swali. CRAN huwatengenezea watu wa Windows na wa Mac pakeji zilizo tayari, lakini toleo jipya aghalabu hutangulia kwa siku kadhaa likiwa msimbo mtupu, na katika siku hizo R humwuliza mtu: je, ungependa kusakinisha kutoka katika msimbo pakeji hii inayohitaji kukompailiwa? Majibu yanayoruhusiwa ni matatu: ndiyo, hapana, au ghairi. Sasa swali gani hili? Ni nani aliyelelewa vizuri atakayejibu hapana anapoulizwa kama anataka kilicho kipya zaidi? Mwuguzi mtafiti, ambaye alichotaka ni kulinganisha uzito wa watoto wachanga wa kata mbili, hujibu ndiyo, kwa kuwa ndiyo ndilo jibu la kiungwana. Maandishi humiminika kwenye kioo, na mwisho wake huambiwa kwamba maktaba ya gfortran haikuonekana, maana zana za Apple huja na kompaila ya C na ya C++, ya Fortran hazina. Akiisha kuitafuta hiyo ya Fortran na kuipata, akasasisha macOS yake kama anavyosihiwa kila mwaka, aghalabu zana zile za mwanzo nazo huwa hazionekani tena, naye huambiwa njia yao si halali. Muulizaji angeweza kuangalia kama vyombo vyote vipo kabla ya kuuliza! Hakuangalia. Ameona ni nafuu mwuguzi ndiye aangalie.

Samahani, nilikuwa katika kusifu.

Kwa watu wa Windows, ambao ndio wengi katika ofisi zetu, zipo zana ziitwazo Rtools, zilizofungashwa kwa uangalifu na kutolewa bure, na ni haki kusema kwamba aliye na mtandao mzuri na mamlaka juu ya kompyuta yake huzisakinisha akanywa chai. Lakini Rtools nazo zina mafunzo yake. R 4.0 ya mwaka 2020 ilitaka Rtools40, R 4.2 ya mwaka 2022 ikataka Rtools42. Kisha 43, 44 na 45 zikafuatana mwaka kwa mwaka, kila moja na kompaila yake mpya. Faili la usakinishaji limezidi megabaiti 300, na likiisha kukunjuliwa hutaka kama gigabaiti 3 za diski; hesabu ambayo haimshughulishi anayeishi penye waya wa intaneti ukutani, lakini humshughulisha sana yule anayenunua bando kwa kuhesabu, akaona bando limekwisha faili likiwa limefika asilimia 94.

Na tuseme limefika lote. Hapo ndipo mtu hukutana na Afisa TEHAMA. Kompyuta ya ofisi imefungwa isiendeshe kisakinishi chochote bila nywila ya msimamizi. Nywila anayo afisa. Afisa yuko safarini, au yuko kikaoni, au yuko ofisini na hapo ndipo mambo huwa magumu zaidi. Nimepata kuendesha mafunzo katika taasisi moja ambayo jina lake nitalistiri, ambako asubuhi nzima ya siku ya kwanza, iliyotengwa kwa ajili ya kueleza wastani na mtawanyiko, ilikwenda katika mazungumzo ya namna hii.

"Daktari, hiki unachotaka nikiweke ni cha kampuni gani?"

"Si cha kampuni, ndugu yangu. Ni zana za kukompaili. Ni bure."

"Bure?" Akanitazama kwa huruma. "Sasa si ndiyo hatari yenyewe, Daktari."

Akashauri niandike barua, ipitie kwa mkuu wa idara, ambatanisho liwe ankara. Nikamweleza kwamba kitu cha bure hakina ankara. Akasema basi hakina utaratibu. Washiriki thelathini, waliotoka wilayani kwa basi, walikaa wakitazama vioo vilivyoandikwa kwamba Rtools inahitajika na haijasakinishwa, na mimi nikawafundisha wastani kwa chaki. Sikuwa na hasira naye sana, kwa kuwa alikuwa analinda mlango aliowekwa aulinde. Hasira yangu ilikuwa kwa waliomweka pale bila ya kumwambia ndani kuna kazi gani.

Na ilikuwa pia kwa waandishi wa pakeji. Si wote, wako wanaoandika kwa kumkumbuka mtu wa mbali. Lakini wako wengine, na idadi yao haipungui, ambao kwa kazi ya kupanga tarehe au kukata maneno, kazi ambayo R tupu ingeifanya kwa muda wa kupepesa jicho, hutegemeza pakeji yao juu ya nyingine, na hiyo juu ya nyingine, hata katika ngazi ya tano mtu akakuta msimbo wa Rust. Sina ugomvi na Rust. Toleo lake la 1.0 lilitoka Mei 2015, ni lugha ya haraka na yenye usalama, na hutoa toleo jipya kila baada ya wiki sita, bidii ambayo hakuna awezaye kuilaumu isipokuwa yule anayepaswa kuifuata. Lakini katika Windows, Rust husakinishwa kwa desturi ikiegemea zana za Microsoft, ilhali R hutaka ile inayoegemea zana za GNU, hivyo mtu huweza kuitafuta kompaila, akaipata, akaisakinisha, na bado akawa hana. Kumwalika mtu kwa hali hiyo ni kama kumwita karamuni, akafika amevaa kanzu yake, akaambiwa wali ni bure kabisa, ila kila mgeni aje na mafiga yake, kuni zake, na mpishi aliyesomea jiko la namna hii. Akilalamika, mwandishi humjibu kwa upole: kwangu inafanya kazi. Bila shaka inafanya kazi kwako! Hapo kwako ndipo ilipozaliwa. Kitu gani kisichofanya kazi nyumbani kwa mwenyewe?

Hapa inanipasa niseme jambo ambalo halitawapendeza waandishi hao. CRAN, ambayo kwa sehemu kubwa hutunzwa na watu wa kujitolea, na ambayo wao huinung'unikia kwa ukali wa barua zake na ufupi wa muda inaotoa, ndiyo iliyomfikiria mwuguzi wetu. Imesema pakeji yenye Rust ibebe ndani yake msimbo wa maktaba inazozitegemea badala ya kuziokota mtandaoni wakati wa kusakinishwa; isiendeshe kazi zaidi ya mbili kwa pamoja; isiandike kitu katika folda ya nyumbani ya mtumiaji; itaje toleo la kompaila iliyotumika. Kisha watu hao hukompaili wao, kwenye mashine zao, maelfu ya pakeji, ili mtu wa Windows na wa Mac asilazimike kujua kompaila ni nini. Kila pakeji iliyosakinika kwa sekunde tatu katika ofisi ya wilaya ni kazi ambayo mtu fulani wa Vienna, wa Dortmund au wa mahali pengine alikwisha kuifanya. Kompaila, basi, haikosekani kwa kudura. Mahali fulani mtu ameamua ni nani abebe mzigo wake. Wachache wameamua waubebe wao, na wengi wameamua ubebwe na yule wasiyemwona.

Na katika hao wengi, waliotangulia mbele kabisa ni wakubwa wa taasisi zetu. Nimeyasoma maandiko yao ya kuomba fedha. Katika ukurasa wa bajeti, penye mstari wa programu za takwimu, huandikwa kwa fahari kwamba taasisi itatumia R, ambayo ni huru na haina ada ya leseni, na mbele yake huwekwa sifuri. Kisha fedha zilizookolewa kwa sifuri hiyo huonekana tena chini kidogo, zikiwa zimegeuka posho za kikao cha uzinduzi, mabegi yenye nembo, na bango la plastiki lenye picha ya mgeni rasmi. Hapana mstari wa mtu wa kuzisakinisha zana. Hapana mstari wa seva moja ya ofisi ambayo ingekompaili mara moja kwa niaba ya wote. Hapana hata saa mbili za kumweleza Afisa TEHAMA kwamba kitu cha bure kinaweza kuwa halali. Halafu utafiti ukichelewa, husemwa vijana wa siku hizi hawajui takwimu.

Kwa hiyo naendelea kuisifu kompaila isiyopatikana, na sina haya. Katika mlolongo wote huo ndiyo peke yake iliyosema kweli tangu mwanzo: ilisema haipo, na haikuwapo. Nitaacha kuisifu siku nitakapoona, katika bajeti moja tu ya taasisi moja tu, chini ya ile sifuri ya fahari, mstari wa mshahara wa mtu atakayehakikisha kwamba ipo. Na hata hapo nitangoja kwanza nione kama mshahara wenyewe umelipwa.